Puto Lililochorwa Kabla ya Neno

Mmeniomba maoni yangu kuhusu mashujaa wanaoruka angani. Haya, nitawapa, ila msije mkaninunia. Maneno yaliyotoka midomoni mwa mashujaa hao niliyaandika mimi, kwa mkono huu, kwa wino, herufi moja moja, kabla wengi wenu hamjazaliwa. Na nawaambieni, wengi wao ni watu wasio na adabu. Wachoraji siwagusi, wachoraji ni ndugu zangu. Ugomvi wangu ni na watunzi, hasa wale wanaosifiwa.

Kazi yangu haikuwa na jina la kujivunia. Mtunzi alitunga, mchoraji alichora, na mimi nilikuwa "yule dada wa maneno". Lile duara jeupe linalotoka mdomoni mwa mtu kwenye katuni, sisi ofisini tuliliita puto. Nilijaza maputo. Nimejaza mengi hata siyajui idadi, na nimeyakosea mengi pia, maana kosa la wino unalikwangua kwa wembe taratibu na maisha yanaendelea. Lakini kuna puto moja lilinigharimu mume. Hilo nitalisimulia, msiwe na haraka. Nikianza nalo nitashindwa kuendelea na mengine.

Ilikuwa ile miaka ya ruksa. Foleni za sabuni zilikuwa zimeisha, maduka yamejaa vitu, na kila mwenye mtaji kidogo hapa Arusha alifungua kitu: mmoja kioski, mwingine baa, na bosi wetu akafungua jarida la katuni. Ofisi ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la vipuri, dirisha moja, meza tatu. Ukiegemea dirisha asubuhi bila mawingu unauona Mlima Meru wote. Mimi nilikuwa binti wa Kibosho, nimetoka kujifunza kwa Mzee Filemoni aliyekuwa akiandika mabango ya maduka. Mzee yule alinifunza herufi kwa ukali. "Usizibane," alikuwa akisema. "Herufi ni kama ng'ombe. Zikisukumana mlangoni zinaumizana." Akanifunza kuanza neno katikati na kwenda pembeni, nisije nikafika mwisho wa ubao nikakuta duka la nyama limekuwa duka la nya. Lilishanitokea hilo, msicheke. Mwenye bucha hakucheka.

Marobota ya mitumba yalipofunguliwa sokoni, ndani ya makoti mlikuwa na majarida ya katuni ya Kizungu. Tuliyanunua tukayasoma, au tuseme tuliyatazama, kwa sababu Kizungu changu kilikuwa cha kuombea maji. Ndipo nilipopata maoni yangu ya kwanza. Katika kurasa zote zile sikumwona mtu akimuuliza mwenzake kama amekula. Shujaa anabomoa jengo, anasimama juu ya kifusi, anaondoka. Nani anazoa? Shujaa anakufa toleo hili, toleo lijalo yupo. Mimi nimelelewa na mapadri, najua aliyefufuka ni mmoja. Na tena lugha yao ni fupi. Kuomba msaada kwao ni herufi nne, kwetu "nisaidie" ni nane. Sasa chukua puto lililopimwa kwa lugha yao, ulijaze kwa yetu, uone kama herufi hazitavunjana mbavu.

Ndiyo maana mimi na mchoraji wetu tulikuwa na sheria moja: maneno kwanza, puto baadaye. Naandika neno mahali pake, yeye ndiye anachora duara kulizunguka. Ninyi wa kompyuta mashine inawapimia, lakini sheria ile ishikeni. Anayechora puto kabla ya neno, ama ni mwanafunzi, ama anajua tayari neno litakalokaa humo. Natamani ningeitafakari sentensi hiyo wakati ule.

Mtunzi wetu alikuwa Mwalimu Zakaria. Aa, huyu! Mji mzima ulimsifu. Alitembea na mkoba mgumu ambao ndani, tuliambiwa, mlikuwa na fasihi. Siku moja ulifunguka kwenye ngazi, mkaanguka ndizi mbili na kitana. Alimtunga shujaa anaitwa Kishindo, kijana wa mlimani aliyepigwa na radi akapata nguvu. Watu walisema Zakaria ni gwiji. Mimi niliyeandika kila neno lake nasema alikuwa mropokaji. Naftali mchoraji anachora Kishindo akimpiga jambazi ngumi ya kushoto, unaiona kabisa, hata jino linaruka. Zakaria naye ananiletea maneno: "SASA NINAMVURUMISHIA NGUMI YA MKONO WA KUSHOTO ILI AANGUKE CHINI!" Mchoro umeshasema, wewe unarudia nini? Na jambazi anangoja tu amalize kusoma ndipo aanguke. Lakini watu wakikuta maneno mengi na magumu hudhani ndani mna hekima. Wanaona haya kusema hawakuelewa, basi wanasifu. Hivyo ndivyo magwiji wengi wanavyopatikana, hata hao wa siku hizi mnaonionyesha kwenye simu.

Kosa la Zakaria lililomleta mtu mpaka ofisini lilikuwa hili. Kishindo alimwokoa bibi mmoja aliyechukuliwa na mto uliofurika. Akatua, akambeba, akamwambia, "USIOGOPE, UKO SALAMA MIKONONI MWANGU!" Jarida likatoka. Wiki iliyofuata akaingia mzee wa Olmotonyi, koti la sufu, jarida amelikunja mfukoni. Nikasimama.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Wewe ndiye mwenye gazeti hili?"

"Hapana baba, mimi naandika maneno tu."

"Basi ni wewe ninayekutaka. Huyu kijana mnayemrusha angani, amelelewa na nani?"

"Ni mtu wa kubuni, baba."

"Hata wa kubuni ana mama. Amekutana na bibi mzee, amemkamata kiunoni, hajamwamkia! Wajukuu wangu wanasoma haya."

Alikuwa na haki kabisa. Toleo lililofuata, Kishindo alipomnyakua bibi mwingine kutoka kwenye paa linaloungua, mimi bila kumuuliza mtu nilikata nusu ya hotuba ya Zakaria nikaandika "SHIKAMOO BIBI." Na bibi, miguu juu kichwa chini, akajibu "MARAHABA MWANANGU." Wasomaji walipenda mno, vijana mjini wakawa wanaamkiana hivyo kwa utani. Zakaria akaja juu kama moto wa kifuu. Alinisimamisha mbele ya wote. "Kazi yako ni kuandika, si kutunga! Ukikuta puto halina neno, unakuja kuniuliza mimi. Mimi! Umesikia?" Bosi akamuunga mkono. Nikasema nimesikia.

Sasa niwaambie kuhusu Naftali. Alikuwa Mmeru wa juu ya Maji ya Chai, mrefu, mpole, mwenye kigugumizi kizito. Wazazi wake walikuwa wamefariki, na baba zake wadogo waligombania shamba mpaka wakasahau kuwa kaka yao ameacha mtoto. Kuongea kulimchosha. Basi aliongea nami kwa penseli, pembezoni mwa ukurasa, nje ya fremu za picha. Ananiletea ukurasa niandike maneno, nakuta pembeni: "Chai yako inapoa." Au: "Leo Zakaria amevaa tai ya harusi, nani anaolewa?" Nami namjibu chini yake kwa penseli, narudisha ukurasa. Kazi yake ya mwisho ilikuwa kupitisha raba kufuta penseli yote kabla ukurasa haujaenda kupigwa picha kwenye kiwanda cha uchapaji, kwa hiyo maongezi yetu yote yaliishia kuwa vumbi la raba ambalo alilipuliza dirishani. Sikubakiwa na hata moja.

Ndani ya fremu ni kwa msomaji, pembezoni ni kwetu. Hatukuwahi kulisema hilo, lilikuwa hivyo tu.

Nilimpenda. Niseme wazi, umri huu siogopi mtu. Kila Krismasi nikipanda nyumbani Kibosho shangazi aliniuliza, "Ndeanasia, na mwaka huu umekuja na mkoba tu?" Nami nilicheka nikijisemea, subiri shangazi, yupo, ni mtu anayechelewa kutoa maneno. Nilikuwa namngoja aseme. Nilikagua pembezoni za kila ukurasa kama mtu anayekagua sanduku la barua. Chai, tai ya Zakaria, mvua, basi.

Siku moja aliniletea ukurasa wa mwisho wa toleo. Katika maandishi ya Zakaria, Kishindo alitakiwa amuage msichana aitwaye Neema, aruke kwenda zake. Naftali hakuchora hivyo. Alichora sebule ya nyumba ya kijijini. Wazee wawili wameketi, kofia magotini, na mmoja anasema maneno aliyoyaandika yeye mwenyewe kwa penseli: "Tumeona ua humu ndani, tumekuja kuliomba." Washenga! Baba wa msichana anageuka kwa binti yake: "Mwanangu, wageni hawa tuwapokee?" Na fremu ya mwisho ni Neema peke yake. Kalamu sikioni, kama mimi. Kovu dogo kwenye kidevu, kama langu. Puto lake limeshachorwa kwa wino, dogo, na ndani hamna kitu.

Nilicheka nikasema Naftali leo kaamua kunitania, kanitia gazetini. Nikatazama pembezoni, nikakuta peupe. Nikamtazama yeye, ameinama mezani anachonga penseli ambayo ilikuwa na ncha tayari.

Ningeweza kumuuliza. Alikuwa hatua nne kutoka kwangu. Lakini kichwa changu kilikuwa kazini: ukurasa umechelewa, puto halina neno, na nilishaonywa mbele ya watu. Nikauchukua ukurasa nikaupeleka kwa Mwalimu Zakaria.

Alifoka kwanza kwa kuharibiwa hadithi. Halafu akatazama saa, kiwanda kinangoja, akasema hakuna muda wa kuchora upya. "Shujaa haoi," akasema. "Akioa amekwisha, nani atamnunua shujaa anayetumwa kununua unga? Andika 'HAPANA'. Iandike nene, ionekane."

Nikarudi mezani, nikayatia wino maneno ya washenga na ya baba, kisha nikaiandika. Ilinisumbua kweli, herufi sita katika nafasi ile! A ya mwisho karibu iguse mstari. Nilimlaumu Naftali kimoyomoyo kwa kuchora puto dogo, tena kabla ya neno, mtu anayejua sheria. Lakini nilikuwa fundi, jamani. Ilikaa, nene, nyeusi, nzuri. Nilikaribia kujisifu. Nikampelekea afute penseli.

Aliushika ukurasa akasimama nao dirishani.

"Imebana," nikamwambia. "Siku nyingine niachie nafasi."

"I-i-imekaa," akasema. "Imeandikwa vi-vizuri."

Akafuta penseli, akapuliza vumbi, akaupeleka ukurasa kiwandani yeye mwenyewe.

Mwisho wa mwezi aliacha kazi. Alipata nafasi Olmotonyi kuchora majani na magome ya miti kwa ajili ya vitabu vya wanafunzi wa misitu. Nilidhani amefuata mshahara wa uhakika, na nani angemlaumu? Alitupa mkono mmoja mmoja. Siku zote aliniita Ndea tu. Siku ile aliniambia, "Kwa heri, da-dada." Neno hilo lilinichoma na sikujua kwa nini. Nilisema kigugumizi kimemletea neno jepesi.

Mchoraji aliyekuja baada yake alikuwa kijana hodari, msafi, na pembezoni mwake palikuwa peupe kila siku. Niliendelea kukagua. Mtu huendelea kukagua hata akijua. Kisha ikaja kompyuta, herufi zote zimo ndani yake, na bosi akaniambia kwa upole kwamba nitakuwa naleta chai na kupokea wageni. Nilileta chai miaka kadhaa. Zakaria alihamia Dar akazidi kusifiwa. Shangazi aliacha kuniuliza, na hilo ndilo lilikuwa baya kuliko kuulizwa.

Siku hizi nakaa Njiro, nyumba ya uani kwa mdogo wangu. Ni pazuri, sina njaa, msinihurumie. Lakini Njiro kila mtu ana ukuta wake na geti lake, na kuna siku sauti yangu mwenyewe inanishtua nikimwita mbwa. Ninyi mnaponipitia na simu zenu kuniuliza habari za katuni mnadhani mnanisumbua. Hamnisumbui.

Mwaka juzi nilikwenda msibani huko Maji ya Chai. Baada ya maziko nikasimama barabarani penye akina mama wa ndizi, nangoja gari. Mtu akasimama mbele yangu, mvi tupu, kofia mkononi.

"Da-dada Ndea."

Nilimjua kabla hajamaliza. Tulishikana mikono, tukaulizana hali, nyumbani, afya. Ana watoto watatu, wa kwanza ni daktari wa mifugo. Mke wake alikuwa pale pale, amegeuka, anabishana bei ya mkungu kwa Kimeru. Kigugumizi kilikuwa kimepungua, uzee humpunguzia mtu mengine. Akamtazama mke wake, akanitazama mimi, akashusha sauti.

"Kuna jambo ni-nilitaka nikuulize miaka yote. Si kwa ubaya."

"Uliza tu."

"Kwa nini hukunijibu kwa penseli? Ungeandika pembeni, ni-ningeifuta mwenyewe, pasingekuwa na mtu aliyejua. Wewe ulinikatalia kwa wino. Mji mzima ukasoma."

Nikamwambia, "Nilikukatalia nini, Naftali?"

Wallahi sikuelewa. Nilisimama pale nikihesabu mambo niliyowahi kumkatalia, kalamu, mwavuli, nini. Naye akanitazama, na uso wake ukaanza kubadilika polepole, kwa sababu aliona kwamba siigizi.

"Neema," akasema. "Wa-washenga. Mimi sikuwa na wazee wa kuwatuma kwenu. Nikawachora."

Nilishika meza ya ndizi.

"Ile hapana ilikuwa ya Zakaria," nikamwambia. "Nilikuta puto tupu, nikaenda kumuuliza yeye. Ndiye aliyeniambia niandike."

Akacheka, kicheko kirefu kisicho na sauti, mpaka akafuta macho kwa kofia. "Kumbe mi-mimi nilikataliwa na Zakaria!" Nami nikacheka, nifanye nini? Mama wa ndizi alitutazama akafurahi kuona wazee wanacheka.

"Nililipima puto lile, Ndea," akasema alipotulia. Safari hii hakusema dada. "Ni-nililipima kwa rula. Kuna neno moja tu ambalo lingekaa."

Mke wake akaja na mkungu wake. Naftali akamwambia mimi ndiye niliyekuwa nikiandika maneno zamani kule mjini. Mama wa watu, mkarimu, akanishika mkono kwa mikono miwili. "Shikamoo dada. Karibu nyumbani, usiishie barabarani, hata chai tu." Nikaitikia, nikamshukuru, nikasema siku nyingine Mungu akipenda. Gari langu likaja.

Nilipofika Njiro sikuvua hata kitenge cha msiba. Nilitafuta karatasi nzito, nikapiga mstari wa penseli, nikachora lile puto. Ukubwa wake niliujua, mkono wa fundi hausahau kitu kilichowahi kumsumbua. Nikachovya kalamu, nikaanza katikati nikienda pembeni kama alivyonifunza Mzee Filemoni, nikaandika NDIYO. Herufi tano, na mojawapo ni I, haichukui nafasi. Neno lilikaa katikati kabisa, na pande zote pakabaki peupe pa kutosha. Nililia, sioni haya kuwaambia. Wino ulipokauka nikainuka na karatasi mkononi, kwa mazoea ya kazi, niipeleke kwa mchoraji afute penseli. Nilifika mlangoni ndipo nikasimama.